Deki Niliyoichagua kwa Masikio

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia. Naiweka tu, isije ikasemwa huko uliko kwamba binti yako ameharibika.

Tumeshinda. Naanza na matokeo kwa sababu hukuwahi kuwa na subira ya kusikiliza habari kuanzia mwanzo. Babu alicheza. Nimemwona mimi, Mama amemwona, na Mjomba Marwa, aliyekuita mwongo kila Krismasi mpaka tukakuzika, amemwona pia. Tena yeye ndiye aliyekaa karibu zaidi na televisheni.

Unaijua mwenyewe kesi yako ilivyokuwa ngumu. Babu, baba mkwe wako, alikuwa mzee wa kanisa, na litungu, ile ala yako ya nyuzi, kwake lilikuwa chombo cha watu wasiookoka. Kukuoza binti yake alikubali, kukupenda hakuahidi. Halafu wewe unarudi kutoka harusi ya Mjomba kule Serengeti, unasema mzee alisimama akacheza ulipokuwa unapiga. "Siku ile alinikubali, Ghati. Alinikubali kwa miguu." Nani angekuamini? Bwana harusi mwenyewe alikuwa ameenda kupiga picha na mkewe kwenye maua ya zahanati. Mama alikuwa jikoni. Waliokuwepo uwanjani walikuwa wamekunywa, ushahidi wao ukakataliwa. Na ile kanda ya harusi iliyoonwa na ukoo mzima ilikuwa inaruka kutoka kwenye wali moja kwa moja hadi kwenye keki. Ukasema mzee alimwomba mpiga picha aikate sehemu ile. Wakacheka zaidi. Mimi nilikuwa mtoto, nikaenda kumwuliza Babu mwenyewe. Akasema hilo ni swali la kipuuzi. Niliondoka nikiwaza kwamba hakusema hapana.

Kanda nzima mpiga picha alikuja kukupa alipofunga studio yake, na wakati huo deki yetu ya video ilikuwa imeshapigwa na radi. Ukaifunga kwenye kanga ya Mama, ukaiweka juu ya kabati, ukaendelea kuitwa mwongo kwa moyo mweupe. Mwaka huu nikasema basi, naihamishia kwenye kompyuta pale steshenari kwangu, liwalo na liwe.

Watu waliniambia deki yoyote itafaa. Baba, deki yoyote ndiyo inayotafuna kanda. Na kanda ile ilikuwa hiyo hiyo moja. Ikisagwa, unabaki mwongo milele. Nikaamua hakuna deki itakayoionja kabla haijajaribiwa kwa kanda nyingine, ambayo ikiharibika haitamuumiza mtu. Nilifikiria sana. Nikachukua ya harusi yangu.

Usicheke. Yule bwana alishaondoka na habari zake ziliisha. Isitoshe, siku ile ulipiga litungu, kwa hiyo nilijua sauti inayotakiwa kutoka.

Deki ya kwanza niliikuta Sirari, inang'aa kama imepakwa mafuta. Muuzaji, anayeongea nusu ya huku nusu ya ng'ambo ya mpaka, alinionyesha taa ya mbele. "Unaona, madam? Inawaka." Nikamwambia hata jiko linawaka. Nikaweka kanda. Yule bwana alikuwa anakula kiapo, na alipofika kwenye shida na raha, mashine ikamkatiza ikaanza kumtafuna. Nilitoa utepe taratibu, nikaurudisha kwa kuzungusha penseli. Muuzaji akaomba radhi. Nikamwambia asijali, mashine yake inaona mbali. Wewe ulikuwa mbele zaidi kwenye kanda, ukasalimika.

Ya pili ilikuwa Nyamongo, kwa mama mmoja mwenye duka, imeachwa na mfanyakazi wa mgodini aliyehama. Hiyo ilikuwa na rimoti, na picha yake ilikuwa nzuri mno. Nilikaribia kuibeba. Ndipo ikafika sehemu yako, nyuzi zikaanza kulegea, kama vile ulikunywa kabla ya kupiga. Hukuwahi kunywa kabla ya kupiga. Baada, ndiyo. Mama wa duka akasema nachagua deki kama ninaoa. "Dada, picha si unaiona? Sasa unataka nini tena?" Nikafumba macho nikasikiliza upya. Ilikuwa inazunguka polepole; kuna mpira ndani ulikuwa umechoka. Nikamfikiria Babu akicheza kwa mwendo ule. Mjomba angesema mzee alikuwa anatafuta fimbo yake.

Ya tatu ilikuwa hapa hapa Tarime, kwa Mwalimu Robhi aliyestaafu, nzito kama jiwe la kusagia, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki. Mwalimu aliionea aibu. Haiwaki taa, saa yake imekufa, alikuwa anafikiria kuwapa wa vyuma chakavu. Nilisafisha kichwa cha deki kwa spiriti, nikaweka kanda, nikafumba macho. Nyuzi zikaja kavu, zimekaza, na ule mdundo wa chini unaougonga kwa dole gumba ukaja mahali pake. Nilipofumbua macho, yule bwana alikuwa anaonekana vizuri kabisa, hadi jasho. Ubora una gharama zake.

Niliinunua, na Jumapili baada ya ibada Mjomba akaja. Alisema amekuja kuiangalia harusi yake tu. Tukapita hotuba, tukapita wali. Halafu litungu likaanza, na Mama akaweka kikombe chini kabla hujaonekana.

Babu alikuwa amekunja mikono. Mguu ulianza peke yake, mwenyewe akautazama kwa mshangao. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, kama mtu anayevuka barabara. Akavua koti, akalikunja vizuri, akampa jirani amshikie. Akaruka, Baba. Aliruka kama hana undugu na kanisa.

Hayo ulitusimulia. Kilichofuata hukutusimulia. Alikuja mpaka ulipokaa. Mikono yako ilikuwa kwenye nyuzi na jasho linakuingia machoni. Mzee akatoa leso yake mwenyewe, akakufuta uso. Taratibu, kama anayemfuta mtoto. Wewe hukuacha kupiga.

Mtu mwenye maneno mengi kama wewe, hilo ulilinyamazia miaka yote.

Mjomba akasema, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena." Mara ya mwisho alisimama, akaiambia televisheni, "Shemeji, nisamehe." Mama alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga. "Na mimi muda wote huo," alisema, "nilikuwa napakua wali."

Sasa Mjomba anayo kwenye simu yake. Ameionyesha stendi nzima, anaisimulia kama alikuwepo. Nimemwacha.

Basi lala, Baba, hakuna anayekudai ushahidi. Ile hadithi yako ya fisi aliyekaa chini usiku akakusikiliza mpaka ukamaliza haina kanda, na sitaitafuta. Nakuahidi nitaisimulia kama ulivyoisimulia wewe, na atakayecheka nitamwuliza kama alikuwepo.

Binti yako,
Ghati