Kijani au Maziwa

Jumatatu, 3 Machi
Fundi rangi amekuja. Amepaka mabaka mawili ukutani sebuleni, juu ya kochi: moja la kijani kilichokoza, jingine rangi ya maziwa. Anasema nisiamue haraka — niyatazame asubuhi, niyatazame tena taa ikiwaka.

Kijani ni ya mama watoto. Ameililia tangu tuoane, nami nikimjibu siwezi kuishi ndani ya kabichi. Maziwa ni yangu. Yeye yuko kwa binti yetu, analea mjukuu. Alisema angerudi mtoto akianza kukaa. Mtoto akakaa. Ikawa akitambaa. Sasa nasikia anakimbia!

Jumanne, 4 Machi
Nimemtumia picha ya ukuta. Asubuhi kijani inapendeza, Mungu anisamehe. Usiku inatisha kidogo. Maziwa haibadiliki, imekaa tu, kama mimi.

Hajajibu. Nimekula nimesimama jikoni. Meza nzima peke yangu — siiwezi.

Alhamisi, 6 Machi
Jirani kapita, kasema maziwa itachafuka upesi. Nikamuuliza, aichafue nani? Akaaga, nami nikajuta.

Jumamosi, 8 Machi
Amepiga! Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, hoja zote tayari. Kisha nikalegeza kamba mwenyewe, nikamwambia basi, ipakwe kijani, umeshinda. Nikangoja anicheke. Mtoto ndiye aliyekuwa akicheka, huko nyuma yake. Yeye akasema taratibu:

"Baba watoto, paka yoyote unayoipenda. Wewe ndiye unayekaa humo."

Mwanamke huyu hajawahi kuniachia nichague hata kijiko. Kwa pazia tu tulinuniana wiki nzima. Nilitaka kumuuliza anarudi lini. Nikauliza kama mtoto anakula vizuri. Anakula vizuri.

Nina upweke. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 10 Machi
Fundi kafika na ngazi, kafunika kochi kwa nailoni. Mzee, tunapaka ipi? Nikasema kijani. Akafungua kopo. Nikamwambia ngoja kwanza. Akanitazama, akafunika kopo, akaomba chai. Sasa anainywa amekalia ndoo, na brashi yake kavu.

Mimi niko chumbani. Simu nimeilaza juu ya mto wa mama watoto, nimeweka spika. Safari hii siulizi habari za rangi, wala za mtoto.

Inaita.

Bado inaita —