Alama Tisa za Karanga

Jumatatu, 3 Oktoba

Nimefagia uani, nimechota maji, nimefika darasani kabla ya kengele. Safu ya nyuma, dirishani, kama kila siku. Vumbi linaingia pale lakini hakuna anayenitazama.

Leo Mwalimu Ndosi amegawa karatasi ya masharti ya somo la Takwimu. Nayaandika hapa ili nisijidanganye. Mahudhurio yasipungue robo tatu. Mazoezi ya kila wiki, alama kumi. Jaribio, kumi. Kazi ya sampuli, ishirini. Hizo ni arobaini. Mtihani wa mwisho ni sitini. Anayepata chini ya ishirini katika zile arobaini haingii kwenye mtihani. Asiyeingia kwenye mtihani anafungasha virago aondoke chuoni, kwa sababu Takwimu ni lazima kwa wote wa cheti. Wa mwaka wa pili wanaita kufungasha huko disko. Wanalisema neno hilo huku wanacheka. Mimi sikucheka.

Hesabu hazinitishi. Kinachonitisha ni mstari wa mwisho. Kila mtu akusanye takwimu zake mwenyewe, aandike, kisha asimame mbele ya darasa azieleze kwa Kiingereza na kujibu maswali. Asiyesimama, hata maandishi yake hayasahihishwi.

Sijawahi kusimama. Sekondari, zamu yangu ya kusoma kwa sauti ikifika, nilikuwa nakohoa mpaka mwalimu anaruka jina langu. Kidato cha nne nimefaulu kwa kalamu tu.

Jumatano, 5 Oktoba

Baba bado hajazoea kukaa nyumbani. Tangu wapunguzwe kazi ofisini kwao anaamka alfajiri, anavaa shati la kazi, halafu anakaa barazani. Leo ameniuliza chuo kinaendaje. Nimesema vizuri. Akasema shangazi yuko Mvumi na cherehani mbili, na moja haina mtu. Hakusema kwa ubaya. Cherehani ni kazi ya heshima.

Lakini mimi nataka hesabu. Nitaandika hivyo kwa sababu sijamwambia mtu. Nataka hesabu.

Ijumaa, 21 Oktoba

Jaribio. Karatasi ya takwimu za swali la pili iligawiwa kuanzia mbele. Ilipofika safu yetu ikaisha, mimi nikakosa. Nilitakiwa kunyoosha mkono tu. Mkono haukupanda. Nikamaliza swali la kwanza, nikakaa naangalia swali la pili mpaka muda ukaisha.

Mjinga. Mjinga kabisa.

Jumatano, 26 Oktoba

Nne kati ya kumi. Mwalimu ameandika pembeni, "Swali la pili je?"

Mazoezi yameshafungwa, nina saba. Saba na nne ni kumi na moja. Zimebaki tisa kufika ishirini, na zote ziko kwenye kazi ya sampuli. Neema, jirani yangu wa dawati, ameniambia nimfuate Mwalimu nimweleze kuhusu ile karatasi. Neema ni mtu wa Chamwino, anaongea na kila mtu, hata askari wa getini. Nimemwambia ndiyo, nitakwenda. Sikwenda.

Basi iwe tisa. Nitazitafuta.

Jumamosi, 29 Oktoba

Nimepata mada. Uzito wa kopo moja la karanga sokoni.

Mama anauza nyanya na vitunguu pale, nimekulia chini ya meza yake. Tangu biashara iwe huria kila mtu anauza karanga, na kila mmoja ana kopo lake. Mengine yamegongwa kitako yakaingia ndani. Wengine wanajaza mpaka usawa wa mdomo, wengine wanaweka kilima juu. Bei ni moja. Je, uzito ni mmoja? Nitapima, nitatafuta wastani na mtawanyiko. Mjomba ameniazima mizani yake ya saa.

Mwalimu amesaini mada bila neno. Nadhani ameipenda. Au alikuwa na haraka.

Jumanne, 1 Novemba

Kazi imekwenda vizuri mno. Nimepita kwa Mama Asha, Bi Tatu, Mama Devota na wenzao wote wa karibu na meza ya Mama. Shikamoo, marahaba, Mama yako hajambo, chuo kigumu? Namwomba kila mmoja anipimie kopo kama anavyomuuzia mteja, namimina kwenye mizani, naandika, namrudishia karanga zake. Mama Asha alipojaza kopo akatupia na konzi ya karanga juu.

"Hiyo ya nini, Mama Asha? Si nazirudisha?"

"Najua. Mkono umekwenda wenyewe. Mtoto wa Zuhura nimpimie kama mpita njia?"

Wote wakacheka. Nami nimecheka. Sikuhitaji kuongea na mgeni hata mmoja.

Jumatatu, 7 Novemba

Wastani umetoka mzuri. Mtawanyiko mdogo sana, makopo yote yanakaribiana. Nimechora jedwali kwa rula. Nimempa Mwalimu rasimu aipitie. Nimelala mchana, jambo ambalo silifanyi.

Alhamisi, 10 Novemba

Rasimu imerudi. Hesabu zote zina alama ya vema. Chini kabisa, wino mwekundu, swali moja: "Hawa wauzaji uliwachaguaje?"

Niliwachagua kwa sababu wananijua. Kwa sababu naweza kuwaamkia bila kutetemeka. Somo la wiki ya tatu lilikuwa hilohilo, sampuli nasibu: kila mmoja awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Nimelifanyia mazoezi, nikapata yote. Kisha nikaenda sokoni nikachagua kwa woga.

Ijumaa, 11 Novemba

Nimemwomba Neema aende kwa Mama Asha akanunue kopo moja kama mtu baki. Mimi nimejificha nyuma ya meza ya Mama. Amerudi nalo, tumelipima.

Pungufu. Si kidogo. Halina konzi, halina kilima.

Mama Asha si mwizi. Amempimia Neema haki yake ya kopo. Mimi alinipimia haki ya mtoto wa Zuhura. Wote walinipimia hivyo. Bi Tatu, Mama Devota, wote. Takwimu zangu si za kopo la karanga. Ni za adabu.

Neema ameniambia niache hivyohivyo, hesabu ni sahihi, Mwalimu atanipa hata kumi, na mimi nahitaji tisa tu. Ni kweli. Lakini atauliza lile swali mbele ya darasa, nami nitajibu nini?

Narudia. Kusimama ni tarehe 24. Narudia yote.

Jumamosi, 12 Novemba

Nimezunguka soko lote, nikaandika namba ya kila kizimba cha karanga, pamoja na mstari wa mwisho unakoshushwa mizigo ya malori. Kule ni wanaume watupu na maneno yao. Nimekata vikaratasi, nimetia kwenye sufuria, Baba ameshika mfuniko. Nilimweleza kwamba lazima achote mtu asiye na upande. Amefumba macho kabisa, kama anaapa. Sijamwona makini hivi tangu apunguzwe kazi.

Kumi na vitano amevitoa. Mama Asha hayumo. Karibu nusu ni mstari wa malori.

Nilitamani kuvirudisha tuchote upya. Nikakaza roho, nikabandika orodha ukutani.

Jumatatu, 14 Novemba

Vizimba vitatu. Sauti yangu ilikuwa kama ya mbu. Muuzaji wa kwanza alidhani naomba maji.

Jumanne, 15 Novemba

Vitano. Nimegundua jambo: nikiandaa sentensi moja kabla, inatoka. "Naomba unipimie kopo moja kama unavyomuuzia mteja, nilipime uzito, nikurudishie." Naisema njiani kutoka nyumbani Makole mpaka sokoni. Mama mmoja aliyebeba ndoo alinipisha akidhani nina wazimu.

Mstari wa malori wameniita Bibi Afya, Bibi Mizani, Mkaguzi. Mmoja akawaambia wenzake, "Jazeni jamani, serikali imevaa kandambili." Nikaangalia miguu yangu. Halafu nikamwomba aweke kopo kwenye mizani. Akaweka.

Leo sijakimbia. Naliandika hilo.

Ijumaa, 18 Novemba

Kimebaki kimoja. Kizimba cha 23. Mwenyewe ni mtu wa makamo, koti refu hata jua likiwaka. Amekataa.

"Nipime halafu unirudishie? Mimi sipimi hewa, binti. Nenda kwa mwingine, wamejaa."

Kwa mwingine ni rahisi. Lakini karatasi imetoa 23. Nikimwacha kwa sababu ni mkali nitakuwa nimerudi kwa Mama Asha kwa mlango wa nyuma.

Jumamosi, 19 Novemba

23 amekataa tena. Safari hii hakuniangalia. Nimesimama pembeni kwa muda, wateja wanapita katikati yetu, kisha nimeondoka. Nimelia kidogo nyuma ya magunia. Nimeosha uso kwa maji ya Mama ya kunyunyizia mchicha.

Jumatatu, 21 Novemba

Nimekwenda mara ya tatu. Aliponiona akaweka mikono kiunoni.

"Wewe huchoki?"

"Nachoka. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa unanitaka nini mimi, soko lote hili?"

Nikamweleza. Vikaratasi, sufuria, Baba aliyefumba macho. Kwamba kila kizimba kilikuwa na nafasi sawa na cha kwake kikatoka, na nikikiruka kazi yote inapinda. Nimeongea maneno mengi kuliko niliyoongea na mtu yeyote mwezi huu. Na maneno yalikuwa yanatoka.

Akamgeukia mwenzake. "Umesikia? Nimechaguliwa. Wewe hukuchaguliwa." Mwenzake akamwambia ashukuru si kesi. Akachukua kopo, akajaza usawa wa mdomo, akapitisha kiganja juu likawa tambarare kama meza. Bila konzi. Bila hata punje ya ziada.

Kopo la haki. Nilitaka kumbusu mkono.

Jumatano, 23 Novemba

Kesho. Wastani mpya uko chini ya ule wa kwanza, na mtawanyiko ni mkubwa zaidi ya mara mbili. Soko halisi limetawanyika. Nilifikiri nitupe zile takwimu za kwanza. Sitazitupa. Nitaziweka pembeni ya hizi mpya.

Nimesoma maelezo yote mbele ya Baba barazani. Hajui Kiingereza changu kama ni kizuri, lakini kila nilipoinamisha kichwa alikohoa. Mwishoni akasema, "Rudia." Nimerudia mpaka Mama akatuita kula.

Kuhusu cherehani hajasema tena.

Alhamisi, 24 Novemba

Nimesimama.

Sentensi ya kwanza haikusikika. Kijana mmoja nyuma, kwenye safu yangu mwenyewe, akapiga kelele, "Sauti!" Nikaanza upya. Chaki ilivunjika. Nikaokota kipande, nikaendelea na kipande.

Nilichora majedwali mawili ubaoni. Kushoto, wauzaji wanaonijua. Kulia, wauzaji waliotolewa na vikaratasi. Soko moja, karanga zilezile, mizani ileile. Mwalimu Ndosi alikuwa amekaa dirishani, kwenye kiti changu. Akauliza tofauti kati ya wastani hizi mbili inatoka wapi.

Nikasema, "Tofauti ni mimi."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Akaniambia nieleze. Nikaeleza kwamba kushoto nilipima watu wanaompenda mama yangu, na mpimaji akiogopa wageni hofu yake inaingia kwenye hesabu, inakaa humo kimya, na hesabu bado inatoka sahihi. Kiingereza kilinikatika mara mbili. Nikasubiri, kikarudi.

Wakauliza maswali manne. Nimejibu matatu. La nne nimesema sijui.

Nilipokaa mikono ilikuwa imejaa chaki mpaka viwiko. Neema alinibana bega likauma.

Alhamisi, 1 Desemba

Kumi na nne kati ya ishirini. Amenikata kwa maelezo ya grafu na kwa lile la nne. Haki yake.

Kumi na moja na kumi na nne ni ishirini na tano. Naingia kwenye mtihani.

Nimekwenda ofisini kwake mwenyewe, bila Neema, kumwambia kuhusu karatasi iliyokosekana siku ya jaribio. Amesikiliza mpaka mwisho. Amesema jaribio limeshafungwa, alama haibadiliki, nilitakiwa kusema siku ile. Nimesema najua. Nimesema nimekuja kwa sababu sikusema siku ile. Akarudi kwenye kazi zake.

Nne inabaki nne. Nimetoka sina uchungu.

Jumapili, 4 Desemba

Mvua ya kwanza imenyesha usiku. Uani kunanuka udongo. Baba amepanda juu ya bati kuziba tundu, amevaa nguo za kazi za kweli, si lile shati.

Mtihani kesho asubuhi. Nimesoma vya kutosha. Nimefunga daftari, nimechonga penseli mbili, nimemuuliza Mama kama kuna cha kununua. Akasema karanga za mboga.

Nilipita meza ya Mama Asha, tukaamkiana, nikaendelea mpaka mstari wa malori. Matope mpaka vifundoni. Yule wa 23 alikuwa ametandika turubai, koti lake leo lina kazi.

"Mkaguzi! Leo unarudisha?"

"Leo nanunua. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Akajaza kopo, akapitisha kiganja juu. Tambarare. Akalimimina kwenye mfuko wangu. Kisha mkono wake ukarudi kwenye gunia, ukatoka na konzi, ukaitupia ndani bila yeye kuutazama.

Nimeshukuru. Nimerudi nyumbani taratibu. Yule naye hafai tena kupimwa.