Picha Zenu za Kisangani kwenye Disiki Mbili

Baba yangu,

Niko na hasira na mudogo wangu Amisi, na wewe pia, hata kama kumukasirikia marehemu si adabu. Watu waseme.

Amisi amenitumia picha zenu zote za Kisangani. Nimenunua kile kisanduku cha kutunzia picha na video, kinakaa hapa nyumbani Kindu, na kila mutu wa nyumba anaziona kwenye simu yake. Ndani iko disiki mbili. Fundi, Mama Safi, akaniuliza: zote mbili ziandike kitu kile kile, moja ikikufa ingine ibaki, ao ziungane zikuwe nafasi moja kubwa, moja ikikufa vyote viende? Kwa huu umeme wetu wa kwenda na kurudi, disiki inakufa bila kuaga. Nikachagua ya kwanza. Sasa nafasi imekuwa nusu, vyote haviingii. Akasema nichague cha kuacha inje.

Moyo ukajibu mbio: zenu.

Unakumbuka vita ilipofika hapa mtoni. Hakuna aliyepakia jamaa yake yote katika pirogi moja. Ukapanda na Amisi, mimi ukaniweka na shangazi katika mutumbwi mwingine. Nikashika shati lako, nikakataa kuachilia. Ukaniambia, "Wewe unajua kuogelea, mama. Mudogo wako hajui." Na ni wewe uliyenifundisha kila asubuhi, ukinishika tumbo chini ya maji, ukicheka nikikohoa. Ujuzi huo njo uliniponza. Ningejua, ningezama kila asubuhi kama jiwe.

Shangazi akanipeleka Obokote, ninyi mukafika Kisangani. Vita haijaisha, tukasikia umekufa kwa homa. Sikukuona tena.

Wanasema ya kale hayanuki. Haya yangu yananuka. Katika picha, Amisi juu ya mabega yako. Amisi na viatu vipya, wewe nyuma yake unacheka. Uko na mvi, baba, mvi ambazo sikuzijua. Nikamupigia simu, maneno yakanitoka vibaya. Akajibu kwa upole, kama mudogo kwa dada yake, "Yaya, baba alikuwa anakutaja kila siku."

Nikamwambia, "Mimi nilitajwa. Wewe ulishikwa mukono."

Sijamuomba musamaha mpaka leo.

Mama Safi aliporudi, nikamwambia atoe video ya ndoa yangu, ile ndefu ya siku nzima. Akashangaa, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamweleza kwamba mule baba hayuko. Zile za Kisangani aziandike kwenye disiki zote mbili.

Usifikiri wivu umeisha. Jioni nafungua ile ya mabegani, nafunika uso wa Amisi kwa kidole gumba, nabaki na wewe.

Pumzika, baba.

Ni mie, mutoto wako wa kwanza