Baba Mbele ya Wafadhili

Sevda, nimekwisha mie. Wafadhili wa shule yetu ya jioni wamekuja leo kutoka mji mkuu, Sofia.

Bi Ralitsa, mkuu wetu, alishanifundisha: "Sema baba yako mlevi, ndiye aliyekutoa shule. Wasipolia, binti, darasa linafungwa."

Nikasema. Kuinua macho, baba yuko mlangoni na koti lake la harusi!

Baba yangu, Sevda! Hajaonja pombe, hata tone la rakia, maishani!

Denka, mwanafunzi mwenzangu, akaropoka, "Si huyo hapo baba yake!"

Mfadhili mmoja akamgeukia baba: "Ni kweli, mzee?"

Baba akawatazama wenzangu wote. Akavua kofia. "Kweli, wakubwa. Nakunywa sana."

Wafadhili wakampigia makofi, Sevda! Darasa limepona.

Sasa tumekaa naye basini, sina pa kujificha. Ameniuliza tu, "Una njaa, mwanangu?"