Shati la Kitenge Mbele ya Kamati ya Maadili

Jengo la C, Nyumba Na. 214,
Karibu na uwanja wa ndege,
Kati ya Dallas na Fort Worth, Texas.
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa Shangazi Melania,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mtoto wa kaka yako. Hujambo? Magoti yanasemaje na mvua hizi za hapo kambini Nyarugusu? Na cherehani, bado inakata uzi? Je, posho imepunguzwa tena? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mume wangu Josué bado anabeba mizigo ghalani, mimi bado napanga trei za chakula cha abiria wa ndege, na Zoé amenipita urefu. Wazima wa mwili, nasema, maana moyo wangu umevurugika kabisa.

Barua hii anakuletea Précieux wa kanisani kwetu, anayekuja kumwona mama yake. Sikutaka kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, na haya yanataka mtu ayasikie mpaka mwisho.

Wanataka kutuondoa hapa. Kuna tajiri anayetaka kununua majengo yetu, ayabomoe, ajenge maghala. Tuko familia sitini na nne, wengi Wakongo wenzetu, na karibu na kazi hakuna pengine tunapoweza kupanga. Lakini hapa ghala halijengwi mahali palipowekwa kuwa pa watu kuishi, mpaka baraza la mji lipige kura kubadilisha matumizi ya ardhi. Madiwani ni saba. Watatu wako nasi, watatu wako na tajiri. Wa saba ni diwani wa mtaa wetu.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Lile shati la kitenge ulilomshonea Josué, lenye nakshi shingoni, kila ukiomba picha yake amelivaa nilikuwa nakuzungusha. Nilimpa diwani. Mwezi wa tisa mwaka jana mimi na jirani yetu Omer tulienda ofisini kwake kumwomba atusikilize, na wewe mwenyewe ulinilea nijue kwamba kwa mkubwa mtu haendi mikono mitupu. Alifurahi, akalivaa juu ya shati lake, tukapiga picha. Tulirudi kwenye basi tunacheka, tukidhani tumepata mtu.

Mwezi wa kwanza Zoé akapekua kwenye kompyuta, akakuta kwamba kiwanja kinachopakana nasi, ambacho tajiri atakinunua pamoja na chetu, ni cha kampuni ya mke wa diwani. Naye diwani kanyamaza. Sheria inamtaka diwani mwenye faida kwenye jambo atoke nje, wenzake wapige kura. Akitoka huyu, tajiri hafikishi kura nne, nasi tunabaki. Nilikasirika mno. Tukaandika malalamiko kwa kamati ya maadili ya mji. Majirani wote walitaka yaandikwe, hakuna aliyetaka kutia sahihi. Omer makaratasi yake ya kukaa nchini hayajaisha, wengine wanaogopea kazi. Nikatia mimi, nikaapa mbele ya mtu wa muhuri kwamba yote niliyoandika ni kweli.

Kwenye fomu kulikuwa na swali: je, umewahi kumpa diwani huyu kitu chochote? Shati lilinijia akilini, Shangazi. Nikaliona ni salamu tu, sawa na kumshika mkono. Nikaweka alama kwenye hapana.

Wiki iliyopita wakili wake akatoa karatasi. Kumbe siku ya pili tu baada ya sisi kuondoka, diwani alikwenda kulitangaza shati kwa karani wa mji kuwa zawadi, rangi yake na jina langu. Shati amelitangaza, kiwanja cha mkewe hakukitangaza. Leo yeye ndiye msafi, mimi ndiye mwongo. Zoé aliisoma ile karatasi akaniuliza, “Mama, so you knew?” Yaani, kumbe nilijua.

Kamati inakaa Jumanne, nami nitaapishwa tena. Tumeelezwa kwamba wataniuliza kama nililikumbuka shati nilipoweka ile alama. Kama nilisahau, ni kosa la kibinadamu, malalamiko yanaendelea. Kama nililikumbuka, niliapa uongo, yanatupwa, na Alhamisi, baraza likikutana kuhusu ardhi yetu, diwani anakaa kitini mwake na kupiga kura.

Jana Omer alikuja na majirani wanane, wakajaa sebuleni. “Mama Zoé, utasema tu I don't remember, hukumbuki, basi, c'est tout,” akaniambia. “Mungu mwenyewe anaona hali yetu.” Mama Clarisse, ambaye amehama mara nne tangu afike nchi hii, alinishika mkono. Kisha wakaniombea.

Siwalaumu. Mimi mwenyewe nimelifanyia mazoezi jibu hilo jikoni, na linatoka vizuri mno, ndiyo maana naogopa. Nalala sipati usingizi, nalia bafuni maji yakiwa wazi. Lakini nimemshtaki mtu kwa kuficha. Niende nikafiche mimi, na Zoé ameketi nyuma yangu?

Nitasema nililikumbuka. Nimemwambia Josué peke yake. Tangu siku ile, kila akitoka kazini anarudi na maboksi matupu.

Nisalimie mdogo wangu Charlotte na wanawe, Kidawa wa sokoni anayekuuzia vitambaa, na kwaya yote. Bwana akulinde uingiapo na utokapo, akuongezee siku.

Précieux anaondoka kesho, kwa hiyo barua ikikufikia, Jumanne itakuwa imepita. Omba hivyo hivyo, Mungu haangalii tarehe. Hapa nyumba zote wananiombea nisahau. Wewe niombee nikumbuke.

Ni mimi mwanao, nikupendaye sana,
Annonciata Wilondja