Hudson Asiinuke

Al Rigga, Deira,
Dubai.
19 Februari 2006

Kwa dada yangu Phyllis,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, chai iko karibu, watoto wa darasa lako wameenda zao, na magoti ya Mama yametulia kwa kuwa sasa ni kiangazi. Mimi ni mzima. Mgongo unauma kwa kutandika vitanda vya hoteli, lakini huo si ugonjwa, ndiyo kazi yenyewe. Hudson naye anatembea, anakula na anacheka. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari ukitafuta kama ndugu yetu yu hai.

Kwenye simu nilikwambia alilazwa kwa sababu ya chakula kibaya. Kadi ilikuwa inaisha na nilisikia Mama amesimama ubavuni mwako, nikasema neno la kwanza lililokuja. Haikuwa chakula, dada. Ilikuwa kriketi. Usicheke, maana mimi sijacheka bado, na kila nikiikumbuka Jumanne ile natamani kutema mate.

Mchezo huo unaukumbuka kidogo, ule wa mwaka 2003 Kenya ilipofika mbali kwenye Kombe la Dunia, mwalimu mkuu wenu akaleta redio shuleni na hakuna aliyeelewa kitu. Basi iko aina yake inayochezwa siku tano. Siku tano nzima! Wanaume wazima wamevaa nguo nyeupe kama wanaokwenda kubatizwa, wanasimama juani, wanaenda kunywa chai, wanarudi, na siku ya tano wanaweza kuambiwa hakuna aliyeshinda. Mwezi wa kwanza timu ya India ilikwenda Pakistani kucheza mechi tatu za namna hiyo. Mbili za kwanza zikaisha vivyo hivyo, bure bilashi, kwa hiyo hasira yote ya watu ikahamia mechi ya tatu, iliyochezwa Karachi.

Hudson, kama ujuavyo, hupiga pasi kwenye duka la mafundi cherehani kule Satwa. Mafundi wakuu ni wawili. Rafiq ni Mpakistani, anakata suti za wanaume. Mohanan ni Mhindi wa Kerala, anashona nguo za wanawake. Mwaka mzima watu hawa wanakula sahani moja na kufunikiana makosa mbele ya arbab wao, yule tajiri mwenye duka. Kriketi ikianza, hawaazimani hata mkasi. Televisheni inawashwa juu ya kabati la vifungo, majirani wanaingia kutoka gereji na migahawa, Wapakistani wanakaa upande wa Rafiq, Wahindi upande wa Mohanan, na mteja akija kuuliza suruali yake anatazamwa kama mwizi.

Jumapili, mechi ilipoanza, Wapakistani watatu wakatolewa mmoja baada ya mwingine hata kabla watu hawajamaliza kutafuta pa kukaa. Hudson hakuwepo, alikuwa amepeleka suti kwa mteja. Aliporudi, upande wa Mohanan walikuwa wanacheza ngoma juu ya meza ya kukatia na Rafiq amejifunika uso na kitambaa cha suti ya mtu. Hudson akaketi kwenye gunia la mabaki ya vitambaa, karibu na pasi yake, ambapo huketi kila siku. Kuanzia hapo wapigaji wa Pakistani wakatulia, wakaanza kukusanya mikimbio, ndizo alama zao. Baadaye akainuka kuchomeka waya wa pasi, na mpigaji mmoja akaponea chupuchupu kutolewa. Rafiq aliruka juu. Akamshika Hudson mabega, akamrudisha kwenye gunia, akatangaza kwamba huyu Mkenya ndiye anayeshikilia Pakistani, na kwamba hatainuka tena mpaka Pakistani wamalize kupiga.

Wewe ni mwalimu, utadhani ni utani. Dada, watu hawa wanajua kupima bega la mtu kwa jicho, lakini waliamini hilo kabisa. Wakawa wanamwambia baitho, baitho, ndilo neno lao la kumtaka mtu akae. Suti zikapigwa pasi na mtu mwingine, tena vibaya. Chai akaletewa, mkate akaletewa, na akitaka kwenda msalani anasubiri wachezaji wapumzike.

Mohanan naye, ambaye nilimdhani ana akili, badala ya kuwacheka akaingia palepale. Akaazimia Hudson ainuke. Kwanza alimwita nje kula biriani. Ikashindikana. Kisha akasema kuna simu yake kwenye duka jirani. Mwishowe akamshika paji la uso mbele ya watu wote, akapiga kelele kwamba huyu mtu ana homa kali, macho mekundu, yalla, apelekwe hospitali haraka. Hudson alikuwa mzima kama chuma. Watu wakaangua kicheko, Rafiq akamfukuza Mohanan kwa ile rula ndefu ya kupimia, na mchezo wa siku ile ukaisha hivyo. Hayo yote nilisimuliwa na Hudson kwa simu usiku wake. Alikuwa amefurahi mno, na mimi nilimwambia ni mjinga.

Jumanne ndiyo siku yangu ya mapumziko, nikaenda Satwa kumpelekea shati nililomnunulia. Pakistani walikuwa wanapiga tena, na duka limejaa mpaka mlangoni. Hudson alikuwa kwenye gunia lake. Nilimwona kabla hajaniona. Amekunja mwili, mkono umebana tumbo upande wa kulia, jasho linatiririka na hali kiyoyozi kilikuwa kinanitetemesha. Midomo imekuwa ya kijivu. Mbele yake kuna soda waliyomletea atulize tumbo. Nikamwuliza imeanza lini, akasema tangu alfajiri, na kwamba itapita.

Nikawaambia watu wa dukani kwamba kaka yangu ni mgonjwa na ninampeleka hospitali. Rafiq aliniita sister kwa heshima zote, akaniomba ningoje kidogo, mpaka wakati wa chai tu, kisha khalas, yeye mwenyewe atalipia teksi. Nikamwambia amtazame mtu usoni. Labda angemtazama. Lakini Mohanan akarukia maneno yangu, na upande wake wote ukapaza sauti pamoja naye: ni mgonjwa, ni mgonjwa, mwinueni, mtoeni! Huku wanacheka, dada. Walikuwa hawamtazami Hudson, walikuwa wanatazama televisheni kuona kama mpigaji atatoka.

Basi hapo ndipo mlango wa kusikilizwa ulipofungwa. Upande wa Rafiq wakasema, kumbe! Ni ujanja uleule wa Jumapili. Mmoja wao, fundi wa gereji mwenye mafuta mpaka kwenye nyusi, akaniambia waziwazi kwamba Wahindi wamenihonga nije kulia. Mimi! Niliyepanda basi siku yangu ya kupumzika. Mwingine akamsifu Hudson kwamba anaigiza vizuri kuliko watu wa sinema. Yaani mtu anakufa mbele yao, na kwa sababu Jumapili wengine walidanganya kwamba anakufa, leo kufa kwake ni mbinu ya mchezo. Nilimshika Hudson mkono nimvute, na yeye, dada, akautoa mkono wake. Akasema, Daisy, ngoja kidogo.

Nilingoja kwa sababu sikuweza kumbeba. Nilisimama pale nikinusa mvuke wa pasi na jasho la watu, nikiwachukia mmoja mmoja. Kisha Hudson akateleza kutoka kwenye gunia, akaanguka ubavu, na kichwa kikagonga mguu wa meza. Na katika dakika hiyohiyo mpigaji akatolewa. Upande mmoja ukaruka kwa furaha, upande mwingine ukalia Mungu wangu, na wote, wote kabisa, macho yakabaki juu kwenye ile televisheni. Walikuwa wanangoja kuonyeshwa mara ya pili jinsi mtu alivyotoka. Kaka yetu alikuwa sakafuni kati ya vipande vya nyuzi na hakuna aliyeshusha macho mpaka nilipopiga ukelele.

Sitaki kuwaonea. Walipoelewa walikimbia. Mohanan alisimamisha teksi katikati ya barabara, Rafiq akambeba miguu. Lakini Rafiq huyohuyo, ndani ya teksi, miguu ya Hudson mapajani mwake, simu yake ililia, na akauliza ni ngapi sasa. Nilimpiga kofi. Silijutii.

Hospitalini walisema kidole tumbo kimepasuka, na kwamba tungechelewa zaidi tungekuja kuchukua maiti. Walimpasua siku ileile. Kesho yake Pakistani wakashinda, na jioni Rafiq akaja wodini na boksi la vitamu vya samli kumpa mtu aliyeshonwa tumbo asiyeruhusiwa hata maji. Mohanan naye akaja, akasimama upande wa pili wa kitanda, akaniambia kwamba wao walisema tangu mwanzo huyu ni mgonjwa. Walisema! Nikawafukuza wote wawili. Boksi nililitia kwenye pipa, samli ikabaki vidoleni mwangu siku nzima.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Hudson alipozinduka, hakuuliza amefanywa nini. Aliuliza, walishinda? Nilidhani ni dawa. Siku ya pili akauliza kama gunia lake bado lipo. Na juzi, alipotoka hospitali, tukiwa chumbani kwake, akaniambia kwamba hatakuja nyumbani mwezi wa tatu kama tulivyopanga, ingawa ruhusa anayo. Waingereza wanakwenda India kucheza siku tano tano zao, na Mohanan amemwomba safari hii awakalie Wahindi kwenye gunia. Rafiq amekubali, maana Waingereza yeye naye hawapendi. Wamepatana juu ya ndugu yetu kama watu wanaoazimana ngazi.

Hapo nilimtukana, Phyllis. Nilimwambia ameniaibisha, amekuwa kikaragosi cha watu ambao hawajui hata jina la baba yake, na kwamba alibaki kwenye gunia lile kwa upumbavu wake mwenyewe. Hakukasirika. Aliniambia kwamba alijua ni mgonjwa, na alijua ni mgonjwa sana. Alisema tangu afike Dubai kila mtu anamwambia asogee. Kwenye lifti angoje inayofuata. Kwenye duka apishe mteja. Kwenye basi akikaa, wa pembeni yake anahama. Akasema siku zile tatu ndizo za kwanza watu kuogopa yeye asije akaondoka, na alitaka na ile ya tatu ifike jioni.

Nikamwambia, basi rudi nyumbani, kule unapendwa. Akacheka mpaka akashika mshono wake. Akaniuliza kama nakumbuka likizo yake ya mwisho. Alisema wiki ya kwanza haijaisha, Mama alikuwa amemwuliza anarudi Dubai lini. Mjomba akamwuliza. Wewe ukamwuliza, mbele ya wageni. Na mimi nilimpigia kutoka huku nikamwuliza lilelile, nikamwambia asipitishe tarehe, kazi zitachukuliwa.

Dada, nilikuwa na matusi ya kuwatosha Satwa nzima, Wahindi na Wapakistani, na yote yalinirudia mwenyewe. Nilikaa pembeni ya kitanda chake nikakunja mashati yake, kisha nikayakunjua, nikayakunja tena.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Mwandikie. Usimwulize kidonda, usimwulize kazi, usimtajie bati la jikoni wala karo ya mtu. Mwambie aje, na mwambie kwamba akishafika hakuna atakayeitazama kalenda. Kama huwezi kuandika hivyo na ukamaanisha, usimwandikie kabisa, mwache akae na hao wenye kriketi, maana wao walau walimaanisha.

Nisalimie Mama, umwambie samaki wakavu alionitumia walifika na chumba kizima kilinilaani. Nisalimie mwalimu mwenzako wa lile darasa la watundu. Hudson anawasalimu nyote. Nilipomwuliza niandike salamu zipi, alisema niandike tu kwamba yupo.

Mdogo wako,
Daisy