Swali la Fundi Kasubi

Merrylands, Sydney
Mwezi wa tisa, 2021

Kwako Kaka Maganga,

Shikamoo, kaka. Natumaini maneno haya yanakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba mama ameanza kula tangu tulipomzika Baba. Je, mguu wake umepungua kuvimba? Huku mimi na Pili tunapumua, na mwaka huu kupumua ni habari kubwa.

Usishangae kuandikiwa kwa mkono siku hizi za simu. Nimekupigia mara tatu nikitaka kukuambia neno moja, na mara zote tatu nimeishia kuuliza habari za mahindi. Halafu nyumbani mnaweka spika, na hili si la spika. Kurasa hizi nitazipiga picha nikutumie, kwa sababu posta imekwama na mtu ninayemfikiria hana umri wa kusubiri posta. Keti chini, na soma peke yako kwanza.

Mtaa wetu umefungwa. Polisi wanazunguka na wanajeshi, helikopta inapita juu ya mapaa, na huruhusiwi kwenda mbali zaidi ya kilomita tano. Mimi natoka kwa kibali kwa sababu nahudumia wazee majumbani, na kila baada ya siku tatu nachokonolewa pua kupimwa huu ugonjwa. Nikirudi navulia nguo mlangoni. Pili anasomea kwenye meza ya chakula na hajamwona rafiki yake hata mmoja tangu mwezi wa sita.

Mliponiambia Baba ana changamoto ya upumuaji, nilijua ni nini hata kama hamkutaja jina lake. Ndege hakuna, na aliyetoka harudi. Nikamzika baba yangu nikiwa nimeegemea friji, simu mkononi, picha inakatika na kurudi. Iliporudi mara ya mwisho nilikuona wewe unamsukuma mzee mwenye fimbo atoke makaburini. Kofia yake ilianguka, na hakuna aliyemwokotea.

Pili alikuwa begani kwangu. "Mum, who's that old man?"

Nikamwambia ni fundi Kasubi, mfua chuma.

"But why is Uncle pushing him?"

Kaka, nilimwambia arudi kwenye masomo yake. Ndiyo maana naandika.

Sasa nianzie mbali kidogo. Mwaka jana nilipangiwa kumhudumia mzee mmoja wa Ingleburn, jina lake Ron, aliyefiwa na mke. Siku moja nikifuta vumbi niliona picha yake ameshika bunduki ndefu ya kushindilia kwa mdomoni. Nikacheka kwa sauti. Nikamwambia, hiyo kwetu inaitwa gobore, na Baba alikuwa nalo. Alidhani namtania, na mimi nilidhani ananitania. Mzungu mwenye gari na friji mbili anawinda na gobore kwa hiari yake! Kumbe wako wengi. Wanasema bunduki ya risasi moja inamfundisha mtu kunyata, kusogea karibu na kulenga sawasawa. Wanawinda deer, wanyama wakubwa kuliko kulungu wetu, wenye pembe zenye matawi. Waliletwa zamani kutoka Ulaya, na sasa wanakula mashamba ya watu kama ngedere.

Mikono ya Ron ilikuwa inatetemeka, hawezi tena kumimina baruti bila kuimwaga. Akaniuliza kama ningependa kujifunza, niwe mikono yake. Nikakubali haraka kuliko ilivyonipasa. Wewe unajua mwiko wa nyumbani: mwanamke hagusi gobore la mwindaji, akiligusa mawindo yanakimbia. Nikafanya mtihani wa usalama, nikasubiri leseni miezi na miezi, maana huku hata baruti ina kibali chake. Sikuwaambia. Mngesema Kalunde amerukwa na akili.

Siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha nilijidai najua. Nikaweka risasi kiganjani, nikataka kumimina baruti mpaka iifunike, kipimo cha Baba. Ron akanishika mkono.

"Wacha," akasema. "Kabla ya baruti, ufito kwanza."

Ufito wake wa kushindilia una alama mbili alizozichonga kwa kisu. Unautumbukiza mtutuni. Ukizama mpaka alama ya juu, bunduki ni tupu. Ukigota kwenye alama ya chini, kuna kitu ndani, hata kama fataki ya kuiwasha baruti haipo. Kwa macho huwezi kujua. Tupu na iliyoshindiliwa zinafanana.

Nikamuuliza, na mtu akishindilia juu ya risasi iliyomo?

"Inaweza kupasuka mkononi."

"Hata kama fundi wake ni mzuri?"

Akanitazama. "Fundi anahusikaje hapo?" Akanieleza kwamba kazi mbovu ya fundi hufumuka nyuma, pale mtutu ulipozibwa na kuunganishwa. Iliyoshindiliwa mara mbili hupasuka mbele, pale risasi ya pili ilipokaa.

Nikaketi kwenye nyasi, nikasingizia jua.

Mwezi wa sita, kabla hawajatufungia, tulikwenda kwenye shamba la rafiki yake, mwendo wa saa tatu kwa gari. Asubuhi ile nilitumbukiza ufito mara nne mpaka Ron akanicheka. Dume moja likatoka kwenye miti likasimama ubavu. Nilipovuta, nilifumba macho nikangoja uso wangu uondoke. Moshi ulipotawanyika mnyama alikuwa chini na mimi nimepiga magoti nalia. Ron akanipigapiga bega, akidhani ni furaha. Yule mzee naye alipelekwa hospitali mwezi wa nane, hakurudi, na hakuna aliyeruhusiwa kumshika mkono. Hata yeye sikumwambia.

Nakuambia wewe. Mwaka ule gobore lilipompasukia Baba, ulikuwa jeshini, ukasimuliwa. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba alikuwa amelala kwa shangazi, na nguruwe walikuwa wameingia kwenye mahindi jioni mbili mfululizo. Nikalitoa gobore juu ya mlango. Nilishamwona Baba akishindilia mara mia, basi nikashindilia, baruti, kitambaa, risasi, nikaweka fataki, nikaenda shambani na ujuzi wangu wa kuchungulia. Nguruwe hawakuja. Nikasikia mama ananiita, nikakimbia nyumbani nimelishika mdomo chini kama jembe. Nikatoa fataki, maana hilo nililijua. Risasi kuitoa sikujua. Nikalirudisha mahali pake nikasema kesho nitamwambia Baba.

Kesho yake alirudi alfajiri, akalichukua. Hakuchunguza, kwa sababu hakuacha kamwe gobore lake na risasi, na nani wa kuligusa? Alipolishindilia nilikuwa nakoroga uji hatua kumi kutoka kwake. Nilifungua kinywa, kaka. Nilimwogopa. Nikajiambia kile nilichoweka ni kidogo, kitatoka pamoja. Nikafunga kinywa. Kabla uji haujaiva tukasikia mlio, kisha tukamsikia yeye. Vidole vinne na jicho.

Watu wakasema chuma ni kibovu, Kasubi aliyelifua amemuuzia Baba mauti. Nami nikalishika neno lao, kwa sababu lilinifaa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi kata nilinyamaza. Kikao cha wazee kikakaa uani kwetu. Wakamfungia kiwanda, wakaichoma mivukuto yake. Hakufua hata jembe tangu siku ile. Watoto wake walizomewa kisimani, na wewe na masharubu yako hujaitikia salamu ya nyumba ile mpaka leo. Baba alikufa akimlaani mtu ambaye hakumkosea. Hilo siwezi kulirekebisha. Nimelia mpaka nimechoka, na bado haligeuki.

Usiniamini mimi, mimi nimeshasema uongo miaka ishirini. Teremsha ule mtutu, najua mama aliuhifadhi darini. Utazame nyuma, kwenye muungano wa Kasubi. Mimi niliuona siku ile ile, umekaza kama alivyouacha. Ulipochanika ni mbele, shibiri mbili kutoka hapo. Ukishauona, mwite mzee Nassoro na wengine waliobaki wa kikao kile. Usiende kwa Kasubi peke yako, wala usiende kimyakimya usiku kama mwizi. Alifedheheshwa mchana mbele ya watu. Beba kofia yake kama bado iko makaburini. Mama mwambie kwanza, taratibu, na kama hatataka kusikia sauti yangu tena nitaelewa.

Msalimie wifi, mwambie khanga alizonitumia ndizo nilizojifunga siku ya msiba. Msalimie shangazi, na binamu yetu mwalimu, na wajukuu wote wa Baba. Pili anawasalimu, anaelewa kila neno mnalosema, majibu tu ndiyo ya Kiingereza. Mipaka ikifunguliwa nitakuja nisimame mwenyewe mbele ya watu. Lakini Kasubi ni mzee, na nimeona mwaka huu jinsi wazee wanavyoondoka.

Siku ya kikao alipewa nafasi aseme. Hakujitetea. Aliuliza swali moja tu: "Jana yake, nani alilishika gobore hili?" Wanaume wakatazamana. Mimi nilikuwa mlangoni na beseni la maji ya kunawa, na hakuna aliyegeuka kunitazama, kwa sababu nilikuwa msichana.

Nenda ukamjibu, kaka. Mwambie jibu limechelewa, lakini limekuja.

Aliyelishika ni mimi,
Kalunde, mdogo wako.